Faharasa ya Sehemu na Suala la Ukanushi: Maoni ya Mwanaisimu

Wanaleksikografia wengi wa Kiswahili hivi leo huhifadhi vidahizo vyao katika hifadhidata za kompyuta, na ni nadra humo kukosekana safu ya kibuleani, yaani safu ijibuyo kweli au si kweli: kidahizo kimehakikiwa, au la. Safu hiyo hudhaniwa kuwa jambo dogo la mafundi. Maoni yetu katika makala haya ni kwamba hilo ni suala la kisemantiki, na kwamba kumwachia fundi peke yake kumekwisha kutugharimu maneno.

Tuchukue mfano wa hifadhidata yenye vidahizo 200,000, ambamo 2,000 tu havijahakikiwa. Mhariri avitakapo hivyo 2,000, programu haina budi kuchagua njia ya kuvifikia. Kazi hiyo ni ya kipangaji cha maswali, ambacho hukadiria gharama ya kila njia kwa kutumia takwimu zilizokwisha kukusanywa kuhusu jedwali. Faharasa ya kawaida iliyojengwa juu ya safu yenye thamani mbili ina manufaa haba. Atafutaye vile 198,000 atalazimika kufungua takriban kila ukurasa wa jedwali, na ni nafuu kulisoma lote moja kwa moja. Mwaka 1989 Michael Stonebraker, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitetea faharasa ya sehemu, yaani ile inayoorodhesha tu mistari inayotimiza sharti lililowekwa. Programu ya PostgreSQL, ambayo asili yake ni Berkeley, inayo faharasa ya aina hiyo. Katika mfano wetu faharasa ingepangwa kwa alfabeti ya vidahizo, na kubeba 2,000 tu.

Hata hivyo, kipangaji hakiitumii faharasa hiyo mpaka kithibitishe kwamba sharti la swali linalazimu sharti la faharasa. Uthibitisho huo hufanywa wakati wa kupanga, kabla ya mstari wowote kusomwa, na kwa sehemu kubwa hutegemea umbo la sharti. Kipangaji hutambua kuwa “imehakikiwa” na “imehakikiwa ni sawa na kweli” ni kitu kimoja, lakini hakina uwezo wa kutambua kila jozi ya tungo zenye maana moja na maumbo mbalimbali. Aidha, swali likiachiwa pengo la kujazwa thamani baadaye, mpango uliokusudiwa kufaa kwa thamani yoyote hauwezi kuitegemea faharasa inayofaa kwa thamani moja.

Katika mradi mmoja wa kamusi tulioshiriki, wakusanyaji waliorejea kutoka pwani waliiacha safu hiyo tupu katika kadi nyingi. Sasa, katika mantiki ya hifadhidata, nafasi tupu si kweli wala si uongo, bali haijulikani. Na ukikanusha kisichojulikana hupati kweli, unapata kisichojulikana tena. Kadi zile hazikuonekana katika orodha ya vilivyohakikiwa wala ya visivyohakikiwa. Kosa lilipogunduliwa, swali liliandikwa upya kudai kila kadi ambayo jibu lake si kweli, tupu zikiwamo. Majibu yalikamilika, lakini kipangaji kiliitupa faharasa na kulisoma jedwali zima. Haukupita muda mrefu, mtu aliyechoshwa na ukawiaji akalirejesha swali la awali, na maneno ya pwani yakatoweka mara ya pili.

Wenzetu waliilaumu mashine. Sisi tunaona mashine ilikuwa sahihi kabisa: faharasa haikuwa na kadi tupu hata moja, na kuitumia kungekuwa kusema uongo. Inastaajabisha kwamba wasemaji wa lugha inayotenga “hakikuhakikiwa” na “hakijahakikiwa” kwa kiambishi kimoja tu, na ambao wanajua kwamba kunyamaza ni jambo la tatu, walipanga kadi zao kana kwamba ukanushi ni mmoja.

Mafundi hushauri kukataza nafasi tupu na kuijaza safu “si kweli” tangu mwanzo. Kwa safu ya uhakiki tunakubali, kwa kuwa kadi isiyosemewa neno na kadi isiyohakikiwa zote zinangoja mhariri yuleyule. Kwa safu iulizayo iwapo neno ni sanifu, tunapinga. Neno la Kiamu au la Kimakunduchi ambalo hakuna aliyelijadili lingeingizwa katika kundi la yasiyo sanifu kwa hukumu ambayo hakuna mtaalamu aliyeitoa, na miaka kumi baadaye mwanafunzi wa uzamili angeinukuu kana kwamba ilitolewa. Hapo nafasi tupu zibaki tupu, na faharasa ijengwe kwa sharti lilelile la swali: kila kadi ambayo jibu lake si kweli. Itakuwa kubwa kidogo, na kipangaji kitaitumia. Anayepaswa kuliandika sharti hilo, kabla ya fundi kuitwa, ni mhariri wa kamusi.