Cheti cha Babu Mnacho Nyinyi

Nilipofikisha miaka 18, wenzangu wa darasani walienda kuomba kitambulisho wakiwa na cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Alama za vidole, picha, kwisha. Mimi nilipofika dirishani, karani alisoma jina langu, akaniangalia, akalisoma tena. Akaniambia nirudi siku ya wazee.

Siku ya wazee ni siku ya kupigwa msasa. Nilikuta foleni ya vijana wenye majina yanayofanana na langu. Ndani, mzee mmoja akaniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Kibra, nikasema. Na baba yake? Kibra. Na huyo mwingine juu yake? Hapo nikanyamaza. "Ukipata karatasi yake, rudi," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekutuma maziwa dukani.

Miezi saba ilipita kabla sijapata kitambulisho. Miezi saba bila kusajili laini kwa jina langu, bila M-Pesa, bila kibarua kinachotaka nambari ya kitambulisho, nikiwaona polisi mbele navuka barabara. Lakini leo sitaki kulia. Nataka tulichunguze lile ombi lenyewe: lete karatasi ya babu wa babu yako.

Mzee wetu huyo alikuwa askari. Wanubi wa Kibra wengi wana hadithi hiyo hiyo, na haikutungwa jikoni. Mwaka 1891, Lugard aliwachukua askari Wasudani waliokuwa wa Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, akawaingiza Uganda kuitumikia Kampuni ya Kiingereza. Baadaye Wasudani wengi walijikuta ndani ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902. Walipostaafu, wakaonyeshwa pori nje ya Nairobi wakae na familia zao. Pori hilo ndilo Kibra.

Sasa tazama miaka. Jina Kenya lilipewa koloni rasmi mwaka 1920. Babu yangu alifika kabla ya nchi hiyo kuwa na jina. Na wewe unayecheka, usicheke sana. Kisumu na Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda hadi 1902. Kama babu wa babu yako alikuwa Kisumu mwaka 1901, kwa karatasi za Waingereza huyo ni mtu wa Uganda. Mbona wewe hukuambiwa umlete?

Tuje kwa karatasi zenyewe. Uingereza ilifungua sensa yake ya 1921 kwa umma Januari 2022. Marekani ilifungua ya 1950 mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Kijana wa London au Chicago ambaye mzee wake alishuka melini na sanduku moja anaandika jina, anapata mtaa, nyumba, umri, kazi, nchi aliyotoka. Anafanya hivyo Jumapili jioni akinywa chai, kama mchezo.

Kwetu, sensa za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Wahindi, Waarabu. Waafrika walikadiriwa tu, kama vile unavyokadiria ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika kweli ilikuja 1948, na tulichoachiwa ni majedwali: kabila hili, idadi hii. Ukimtafuta babu yako humo utapata tarakimu, na yeye ni moja kati ya hizo. Usajili wa lazima wa vizazi vya Waafrika nao ulienea kwa awamu miaka ya 1960 hadi mapema miaka ya 1970. Yaani serikali ilikuja kuandika kuzaliwa kwetu wakati babu yangu ana wajukuu, halafu inaniuliza mbona sina cheti chake.

Huo ndio uovu ninaoupigia kelele. Anayedai ushahidi ndiye aliyekataa kuuandika.

Na palipoandikwa kitu, nani anacho? Jeshi liliandika askari wake. Liliandika mishahara, likatoa hati za kuruhusu mtu kulima na kukaa Kibra. Waajiri waliandika kwenye kipande, ile karatasi ambayo sheria ya 1915 ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea nayo, ikiwa na alama za vidole na mshahara wake, wengi wakiivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Kila hati ya aina hiyo ilikuwa na mwenzake ofisini. Kwa hiyo tusidanganyane. Kama karatasi ya mzee wangu ipo, iko kwenye makabati ya serikali hapa au kule Uingereza. Haiko chini ya godoro la nyanya yangu. Kuniambia niilete ni kama mtu kukunyang'anya viatu kisha akuulize mbona uko peku.

Ukiipata pia, jina litakuwa limevunjwa. Karani Mwingereza alisikia Ramadhan akaandika Ramathan, mwingine akaandika Ramzan. Miaka mia baadaye, afisa anakuambia hawa ni watu watatu tofauti.

Wapo wanaosema msasa ni wa usalama, ati bila huo wageni watajaa. Hofu hiyo naielewa. Nchi hii imezika watu. Lakini fikiria: mwenye nia mbaya na pesa huja na karatasi safi kabisa, kwa sababu amezinunua. Anayekosa karatasi ni mjukuu wa mtu wa kweli. Kichujio kinachomzuia mjukuu na kumpitisha tapeli kinalinda nini?

Wala si sisi tu. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani, ilibidi watembee kwa miguu kutoka Kwale kuja Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikika. Washona waliokuja kuhubiri dini miaka ya 1960 walisubiri hadi Desemba 2020. Wapemba wakasubiri hadi 2023. Kwetu sisi, kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto iliamua mwaka 2011 kwamba Kenya imewakosea watoto Wanubi kwenye usajili na uraia. Februari 2025 Rais akatangaza huko Wajir kwamba msasa wa ziada umefutwa. Vizuri. Lakini tamko la jukwaani si sheria, na karani hutii zaidi mazoea ya ofisi yake.

Ninachotaka ni vitu viwili. Kwanza, serikali ifungue makabati. Orodha za askari, hati za ardhi, rekodi za vipande, zipangwe kwa majina na mtu azisome bure. Na pale karatasi isipokuwepo, ushahidi wa mdomo wa jirani na mzee wa mtaa ukubalike kwa mwananchi yeyote, awe na jina gani. Mzigo wa kuthibitisha kwamba mimi ni mgeni uwe wa yule anayenituhumu.

Pili, nawaambia nyinyi wenzangu mlio na simu mkononi. Nyanya yangu alinitajia vizazi vitano bila kukohoa, na makaburi ya watatu kati yao akanionyesha kwa kidole. Nilimrekodi dakika arobaini kwa simu ya kukopa. Alifariki mwaka uliofuata. Wewe umemrekodi nani? Kaa chini, uliza majina, uliza nani alimzaa nani, uliza waliishi wapi kabla ya kuhamishwa. Usifanye hivyo ili uwe na damu safi kuliko jirani, kwa sababu ukirudi nyuma vya kutosha utakuta kila mtu alikuja na mzigo kichwani.

Fanya hivyo ili siku mtoto wako atakapoulizwa na mzee mpole mezani, asinyamaze kama mimi. Ataje majina yote, kisha naye aulize: na nyinyi, karatasi zake mlizipeleka wapi?