Kombe wa Mida Wapimwe Sasa

Enyi wazazi wa Majengo na Eastleigh mlio na jamaa pwani. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu cha nyuklia kilichopendekezwa kujengwa kwao, jirani na hori ya Mida. Hofu yao ina msingi. Chaza na kome hula kwa kuchuja maji. Chembe zenye mionzi, japo haba, hujikusanya miilini mwao. Uingereza, kiwanda cha Sellafield kimemwaga taka hizo baharini tangu miaka ya 1950, na kombe wa huko wangali wakipimwa. Dini yetu yakataza kudhuru na kudhuriana. Basi tudai kombe wa Mida wapimwe kabla ya kinu chochote kujengwa. Pasipo kipimo cha leo, mama aokotaye kombe kesho atathibitishaje madhara? Wabillahi tawfiq.