Uchungu wa Mwana Si Kibali cha Dhulma



Liko neno moja ambalo watu wamelifanya ufunguo wa kufungulia kila mlango uliofungwa na haki. Neno lenyewe ni hili: "Nilifanya kwa ajili ya wanangu." Mtu hula mirathi ya mayatima wa nduguye, akiulizwa husema alikuwa akiwatafutia wanawe. Mwengine hupokea rushwa, akiulizwa husema karo ya skuli imemwelemea. Mwengine humwacha mkewe kisha akamzuilia kuwaona watoto aliowazaa mwenyewe, akiulizwa husema ni mapenzi yake kwa watoto hao. Neno hili likishatajwa, wasikilizaji huinamisha vichwa wakanyamaza, kwani ni nani asiyeujua uchungu wa mwana?

Sisi twataka kulipinga neno hilo, na ushahidi wetu tutauchukua pahala ambapo huenda hukupatarajia, nao ni mchezo wa katuni wanaoutazama watoto.

Mchezo huo waitwa The Dragon Prince, yaani mwana wa mfalme wa majoka. Walioubuni ni Aaron Ehasz na Justin Richmond, na Netflix iliutoa kwa mara ya kwanza mwezi wa Septemba 2018. Ulikwenda kwa misimu saba yenye sehemu tisa kila mmoja, na msimu wa saba ulitoka Disemba 2024. Mzazi aliyepita nyuma ya mtoto akaona joka linatapika moto, akasema "upuuzi tu" na kwenda zake, hakuona kitu. Laiti angalikaa nusu saa, angaliona jambo la kumnyima usingizi.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hivi. Harrow, mfalme wa Katolis, alifiwa na mkewe Sarai, aliyeuawa na mfalme wa majoka. Harrow akenda pamoja na Viren, mshauri wake na mchawi mkuu wa dola, wakamuua joka yule kwa kulipa kisasi. Watu wa Xadia, nchi ya majoka, wakaamini kuwa hata yai lililokuwa na mwanawe limevunjwa, wakatuma wauaji waje kumuua Harrow na mwanawe mdogo, Ezran. Kumbe yai lilikuwa zima, Viren alilificha. Rayla, msichana aliyefuatana na wauaji wale, alishindwa kumwaga damu ya mtoto, na yai lilipoonekana akaungana na Ezran na Callum, nduguye Ezran kwa mama, wakashika njia kulirudisha kwa wenyewe. Usiku ule ule Harrow aliuawa.

Hayo ndiyo ya juu. Ya chini ni habari ya Viren na watoto wake wawili: Soren, kijana askari, na umbu lake Claudia, binti mwenye akili aliyefundishwa uchawi na babake. Wako watazamaji wengi wanaomtetea Viren. Husema kuwa ni kweli alikosa, lakini aliwapenda wanawe, na yote aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili yao na kwa ajili ya nchi yake. Nasi twawaambia: tazameni tena jinsi alivyowapenda.

Kwanza, tazameni alipowatuma kuwafuata wana wa mfalme. Alimwita Soren faraghani akamfahamisha kuwa watoto wale wasirudi hai. Kisha akamwita Claudia faraghani akamwambia kuwa ikimbidi kuchagua baina ya yai la joka na nduguye, basi achague yai. Hebu tafakari, msomaji. Watoto wawili watoka mlango mmoja, washika njia moja, na kila mmoja amebeba kifuani siri ya babake ambayo hawezi kumwambia mwenziwe. Mmoja ameamrishwa awe muuaji wa watoto aliokua nao. Mwengine amekwisha kuambiwa thamani ya nduguye, kwamba ni pungufu ya yai. Je, adui wa watoto hawa angaliweza kuwafanyia lililo baya kuliko hili?

Pili, tazameni lililompata Soren. Alipigana na joka, akaangushwa, akalala hawezi kuinua mkono wala mguu. Kijana ambaye fahari yake yote ilikuwa nguvu za mwili wake angalitazamiwa kulia. Yeye aliona nafuu! Akamwambia Claudia kuwa sasa hatalazimika kulitenda lile alilotumwa na baba. Mtoto amefika pahala pa kuona kupooza ni faraja kuliko kumtii mzazi wake, na bado watu watuambia kuwa mzazi huyo alimpenda?

Claudia hakustahimili kumwona nduguye katika hali ile. Akatumia uchawi mweusi kumponya. Na uchawi huo katika kisa hiki haufanyi kazi bure. Huvuta uhai wa kiumbe mwengine. Nduguye alisimama, na katika nywele zake Claudia kukaingia mvi nyeupe. Nani aliyemfundisha kwamba mapenzi hulipwa kwa uhai wa asiyekuwamo? Alifundishwa na babake, tangu utotoni, kwa vitendo.

Tatu, tazameni waliporudi nyumbani. Soren alisema kweli: baba aliniamuru niwaue. Viren akakana, akamfanya mwanawe aonekane hakufahamu alilosikia. Hapa pana dhulma ambayo haiachi kovu mwilini. Mtoto aliyepigwa hujua kuwa amepigwa, lakini mtoto aliyekanushiwa jambo alilolisikia kwa masikio yake huanza kuyatilia shaka masikio yenyewe. Soren alikuwa akifanyiwa mzaha siku zote kuwa si mwerevu. Baba aliujua udhaifu huo, akaukanyaga papo hapo.

Sasa mpimeni Viren kwa Harrow. Harrow hakuwa malaika. Aliua kwa kisasi, na kisasi hicho ndicho kilicholeta wauaji mlangoni pake. Walakini usiku alipojua kuwa kifo kimekaribia, Viren alimletea hila ya uchawi ili mtu mwengine afe badala yake, naye akakataa. Tena alimwandikia barua Callum, ambaye hakuwa mwana wa damu yake bali mwana wa mkewe. Katika barua hiyo alikiri makosa yake, akamjulisha kijana yule kuwa siku zote alimwona ni mwanawe, akamtaka asifungwe na visasi vya wazee waliomtangulia. Baba wa kambo alimfungua mtoto asiyekuwa wake. Baba wa damu aliwafunga wake wawili kwa kamba moja. Na uzito wa damu uko wapi hapo?

Hapa ndipo ilipo nafsi ya jambo. Viren alipokamatwa kisha akatoka na kushika nguvu, watoto wake waligawanyika. Soren alimwacha baba akenda kuwasaidia wana wa mfalme. Claudia alibaki na baba. Katika mazungumzo yao ya kuagana, Claudia alimlilia nduguye asimfanye achague tena, kwani wazazi wao walipotengana alitakiwa achague. Maneno ya mtoto wa katuni, lakini ni nyumba ngapi katika mitaa yetu zenye mtoto ambaye angaliweza kuyasema neno kwa neno? Mtoto huulizwa mbele ya wazee, "Wamtaka mamako au babako?" na wakubwa hudhani kuwa wamefanya insafu. Kitabu chetu, katika Suratul Baqara, kimekwisha kukataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Basi vipi adhuriwe mwana kwa sababu yao wote wawili?

Sasa watauliza wazee: je, Soren hakumwasi babake? Na sisi twawafundisha watoto utiifu! Ndiyo, twawafundisha, na ni wajibu. Lakini utiifu tuliofundishwa una mpaka. Katika Surat Luqman, mwana ambaye wazazi wake wamemshurutisha kumshirikisha Mungu ameambiwa asiwatii, kisha palepale akaambiwa akae nao kwa wema duniani. Na katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kusimamisha haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu. Kwa hivyo kijana aliyekataa kuua watoto wasio na hatia hakuvunja heshima ya mzazi. Aliyeivunja ni mzazi aliyetoa amri.

Na mtiifu je, yalimfika yapi? Mtazameni Claudia. Babake alipoanguka kutoka juu ya mnara akafa, yeye alimfufua kwa uchawi. Akazunguka dunia kumtafutia uhai zaidi, akapoteza hata mguu wake. Kila hatua alisema ni kwa ajili ya baba, kama vile baba alivyokuwa akisema ni kwa ajili ya watoto. Yeye alishikamana na babake, na utiifu huo ndio uliomwangamiza. Wale wanaomwona Claudia kuwa ndiye shetani wa kisa hiki wamekosea mlango. Yeye ni mwanafunzi aliyefaulu mtihani, mlaumuni mwalimu.

Katika msimu wa sita, uliotoka Julai 2024, Viren alizinduka. Aliuacha uchawi, akamwacha Claudia, akenda Katolis kujisalimisha kwa makosa yake. Hapo ndipo tulipojua siri ya zamani: Soren alipokuwa mdogo aliugua ugonjwa wa pumzi, na Viren akamponya kwa uchawi uliohitaji machozi ya mama. Machozi hayo aliyatwaa bila ya ridhaa ya mama mwenyewe, na ndoa ikavunjika. Watetezi wake hushangilia wanapofika hapa: "Mwaona? Alimwokoa mwanawe!" Sisi twasema hapa ndipo ulipoota mzizi. Hakuna anayemlaumu baba kwa kutaka mwanawe apone. Lakini siku ile alijifundisha kuwa maadamu ni kwa ajili ya mwana, mwengine aweza kunyang'anywa. Alianza kwa machozi ya mkewe, na hakukoma hata alipofika kwenye damu ya watoto wa rafiki yake.

Mwisho wake, joka lilipokuja kuuteketeza mji kwa moto, Viren aliwakinga watu kwa moyo wake mwenyewe, akafa. Ndiyo mara ya kwanza alipolipa kutoka mfukoni mwake, na twamheshimu kwa hilo. Lakini Claudia alikuwa wapi? Alikuwa ameachwa, na aliyempokea ni Aaravos, yule mwenye hila aliyemchezea babake tangu mwanzo. Na Aaravos naye, ajabu ya mambo, ni baba. Binti yake Leola aliuawa, na kwa uchungu huo akataka dunia nzima iungue. Binti wa baba mmoja aliyepotea akaangukia mikononi mwa baba mwengine aliyepotea. Toba ya mzazi humfaa mzazi. Mtoto aliyekwisha kupotoshwa hairudi njia yake kwa siku moja.

Najua watakaosema: "Mchezo huu una uchawi, na una mambo mengine yasiyokubaliana na dini na mila zetu, vipi mwausifu?" Hatuusifu wote. Yamo ndani yake tusiyoyakubali, na mzazi anayeamua kuuzima ana haki yake. Ila na auzime baada ya kuutazama, na asidhani kuwa kwa kuuzima amemtoa Viren nyumbani. Uchawi wa katuni hautaingia sebuleni kupitia kioo. Baba anayempa mwana mmoja na kumnyima mwengine hana haja ya kupita kwenye kioo, kwani amekwisha kukaa kwenye kiti. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataa kumshuhudilia mtu aliyempa zawadi mwana mmoja akawaacha wengine, akamtaka amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Na hiyo ilikuwa zawadi tu! Sisi twagawa siri, twagawa majungu, twamtuma mtoto akamsikilize mamake asemayo kwenye simu kisha aje atwambie. Na akikataa twamtisha kwa radhi.

Radhi, msomaji, ni amana kubwa. Mzazi aitumiaye kumlazimisha mwana atende haramu, au amchukie nduguye, au amkane mamake, ameishika amana hiyo kwa mkono wa khiana.

Basi tufanye hivi. Mtoto akiwa anautazama mchezo huu, keti karibu naye. Ukiisha, muulize: baina ya Soren na Claudia, ni nani aliyemtendea babake wema? Umsikilize bila ya kumkatiza. Huenda jibu lake likawa dogo, la kitoto. Huenda pia akakutazama usoni muda mrefu kabla ya kujibu, na hapo ujue kuwa swali limegeuka, na wewe ndiye unayeulizwa.

Wa billahi tawfiq.