Wanawake wa Usambara na Kiti cha Jimbo

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii twaijua sote, na twaitumia kila tunapohimizana kuhudhuria mkutano wa kijiji. Lakini huku Lushoto tumekuwa wazito kuitumia mahali inapostahili zaidi, yaani pale tunapoamua ni nani akatusemee Bungeni.

Wilaya yetu ina majimbo matatu: Lushoto, Mlalo na Bumbuli. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2010, wa 2015 na wa 2020, majimbo hayo yalitoa wabunge mara tisa, na mara zote tisa aliyeshinda alikuwa mwanamume. Hatusemi kwamba waliochaguliwa hawakufaa; wananchi waliwataka na haki yao ni hiyo. Tunachouliza ni jambo jingine: katika milima yote hii, kuanzia Mtae hadi Bumbuli, hakupatikana mwanamke hata mmoja wa kukabidhiwa amana hiyo?

Tusiende mbali kutafuta mfano. Katika mkoa wetu huu huu wa Tanga iko Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Wananchi wa huko walimchagua Ndugu Beatrice Shellukindo kuwa mbunge wao mwaka 2005, wakamrudisha tena mwaka 2010. Hakuingia ukumbini akiwa mgeni wa kazi hiyo, kwani kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuitumikia nchi katika Bunge la Afrika Mashariki mjini Arusha.

Jina lake lilivuma zaidi mwezi Julai 2011. Nchi ilikuwa katika mgawo wa umeme, na Bunge likijadili makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini. Ndugu Shellukindo alisimama akaisoma barua ya mtendaji mkuu wa wizara hiyo, iliyozitaka taasisi zilizo chini yake zichange fedha, kila moja shilingi milioni 50, kwa ajili ya kufanikisha kupitishwa kwa bajeti. Ukumbi ulitikisika. Serikali iliomba muda, na makadirio yale yakarudishwa Bungeni mwezi Agosti. Uchunguzi wa kwanza ulisema mhusika hakuwa na kosa la kinidhamu. Bunge halikuridhika, likaunda Kamati Teule, nayo ikatoa taarifa yake mwezi Novemba mwaka huo huo.

Msomaji na azingatie jambo moja. Mama huyu hakuwa wa upinzani. Alikuwa mbunge wa Chama Cha Mapinduzi, na serikali aliyoihoji ilikuwa ya Chama chake mwenyewe. Angaliweza kunyamaza, na asingalilaumiwa na mtu. Alisema kwa sababu alijua kwamba Chama hakijengwi kwa kufichiana, na kwamba waliomtuma hawakumtuma akapige makofi tu. Alifariki dunia mwezi Julai 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini siku ile moja ya Dodoma yatosha kuwa somo kwa kila anayeuliza kama mwanamke aweza kubeba uzito wa jimbo.

Sisi Washambaa tuna sababu ya ziada ya kulitazama somo hilo. Mapokeo ya wazee wetu yasema kwamba Mbegha, aliyeanzisha utawala wa Wakilindi uliokuja kukaa Vuga, alitoka upande huo huo wa Unguu. Nchi iliyotupa mfalme haikuona haya kumpeleka mwanamke Bungeni. Sisi tunaona haya ya nini? Wala Kilindi haiko peke yake. Korogwe Mjini walimchagua Ndugu Mary Chatanda mwaka 2015, na Tanga Mjini wakamchagua Ndugu Ummy Mwalimu mwaka 2020.

Wako watakaosema kwamba wanawake wamekwisha kutengewa viti maalumu, na hivyo vyatosha. Viti hivyo ni jambo jema, na baada ya uchaguzi wa 2020 vilikuwa 113. Lakini katika majimbo 264 ya mwaka huo, wanawake walioshinda hawakufika 30. Kiti maalumu ni ngazi. Hakuna mwenye akili ajengaye ngazi kisha akaishi juu yake. Wasomaji wetu wa Visiwani wanalijua hili kuliko sisi. Ndugu Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa kiti maalumu. Mwaka 2010 akasimama mbele ya wananchi wa Makunduchi akaomba kura za jimbo, akapewa. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, mwaka 2015 Makamu wa Rais, na Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Wako pia wanaojificha nyuma ya dini. Sisi tuliosoma chuoni twakijua kisa cha Malkia wa Sabaa, jinsi alivyowashauri wakuu wake kabla ya kukata neno, na jinsi ushauri wake ulivyoiepusha nchi yake na vita.

Mwandishi wa makala haya ana lake la kukiri. Alikuwamo katika kikao ambamo jina la mama mmoja lilitajwa, na mjumbe mmoja akauliza kwa kejeli, "Ataiweza milima hii?" Watu wakacheka, na mwandishi akanyamaza. Jioni ile alikutana na akina mama wakipanda kutoka sokoni Soni, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Wakati wa ukoloni, serikali ilipolazimisha matuta katika mashamba ya milimani, mikono iliyoyachimba ilikuwa zaidi ya akina mama hao hao. Milima hii wanaiweza tangu zamani.

Basi wajumbe wa Chama wanaopiga kura za maoni wampime mtu kwa uadilifu na kazi yake. Viongozi wa Serikali wilayani wahakikishe kwamba akina mama wanasikilizwa katika mikutano ya vijiji na kata, kwani huko ndiko kiongozi anakopikwa. Na akina mama wenyewe wasingoje kuitwa, wachukue fomu. Siku jina la mmoja wao litakapotajwa tena kikaoni, asiwepo miongoni mwetu atakayenyamaza.