Ndege ya 1943 Iachwe Iruke

Miaka yangu yote ya ufundi wa ndege hapa Mombasa imenifunza kwamba chumvi haina huruma. Alumini haioti kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe kwenye ribiti, na ukichelewa kuusafisha bati linaliwa kimyakimya. Ndege inayotua majini na nchi kavu huoshwa kwa maji baridi kila ikitoka baharini, na magurudumu yake hutiwa grisi upya. Hakuna njia ya mkato.

Ndiyo maana namheshimu kila aliyewahi kumiliki ile ndege aina ya Catalina, inayotua majini na nchi kavu, iliyoko Duxford, Uingereza, yenye namba G-PBYA. Iliundwa na Canadian Vickers mwaka 1943, ikatumikia jeshi la anga la Kanada hadi 1961, kisha ikawa ya kuzima moto wa misituni. Mwaka 2004 ikahamia Uingereza. Oktoba 2020 injini iligoma kwenye ziwa la Loch Ness, Uskoti. Ikainuliwa kwa kreni, wapenzi wake wakachanga fedha, mafundi wakaitengeneza kando ya ziwa, ikaruka kurudi nyumbani.

Wapo wanaosema ikae makumbusho tu. Sikubaliani nao. Ndege inayoruka hukaguliwa, iliyoegeshwa husahaulika.

Hata hapa Mombasa, Catalina za Waingereza zilikuwa Kipevu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kama babu yako alifanya kazi pale na ameacha picha au barua, tafadhali zipeleke makumbusho ya Fort Jesus kabla mchwa hawajazimaliza.