Kondoo Anapozunguka Bila Kukoma

Hivi karibuni tulikuwa Ngorongoro na kikundi chetu cha kanisa, tukipima watoto uzito. Mama mwenyeji wetu akatuita zizini. Kondoo wake jike alikuwa akizunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande. Huyo alikuwa wa tatu, na sare na daftari za binti yake zilitegemea kondoo hao. "Dada, tumefanyiwa kijicho," alinong'ona. Alikuwa amekwisha kuacha kusalimiana na jirani yake.

Wamaasai huuita ugonjwa huo ormilo. Unaletwa na tegu aishiye utumboni mwa mbwa. Mayai hutoka na kinyesi, kondoo huyameza malishoni, na kijidudu husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo. Humo hukua kwa miezi kadhaa, kikawa mfuko wa maji unaoweza kufikia ukubwa wa yai la kuku. Fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo ndio unaobanwa. Mara nyingi kondoo huzunguka kuelekea upande wenye mfuko, lakini hupofuka jicho la upande wa pili, maana mishipa ya macho hupishana kichwani. Mfuko ukiwa nyuma, penye ubongo wa kulinda mizani ya mwili, hupepesuka kama mlevi.

Si kila kondoo azungukaye ana tegu, hivyo tulimwita afisa mifugo. Alibonyeza fuvu, mfupa ukabonyea. Kondoo alipochinjwa tuliuona mfuko, na ndani yake vichwa vyeupe vidogo kama chenga za mchele. Kila kimoja kinaweza kuwa tegu mzima mbwa akikila.

Tukauliza vichwa vya wale wawili wa kwanza vilikwenda wapi. Mama akanyamaza, akamtazama mbwa wake. Nasi tukatazamana, kwa kuwa hata makwetu kichwa kibovu hutupiwa mbwa, tena kwa huruma.

Kichwa hicho kichomwe au kifukiwe shimo refu ambalo mbwa hatalifukua, na mbwa wapewe dawa ya tegu. Nyama ya kondoo huyo haimwambukizi mtu ormilo. Hatari, ingawa ni ya nadra, ni mtoto kumeza mayai kutoka kwa mbwa, basi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Jioni baba wa nyumba alichimba shimo. Mama naye akajifunga shuka, akatuomba tumsindikize kwa jirani.