'Maji ya miujiza' Uganda: Kemikali ya viwandani ilipogeuzwa dawa

Mei 2019, gazeti la Uingereza la The Guardian liliripoti kuwa raia wa Uganda wapatao 50,000 walikuwa wamenyweshwa kemikali ya kung'arishia vitambaa na karatasi viwandani, wakiahidiwa kupona malaria, Ukimwi na saratani. Mtandao huo, uliohusishwa na mchungaji mmoja Mmarekani, ulikuwa umewafunza wachungaji wapatao 1,200. Wengi waliigawa baada ya ibada ya Jumapili. Wizara ya Afya mjini Kampala ilisema inachunguza.

Kemikali hiyo ni sodiamu kloraiti. Ikichanganywa na asidi ya limau, hutoa klorini dayoksaidi, gesi inayowasha macho na kuumiza mapafu. Kiasi kidogo sana chake huua vijidudu katika maji ya kunywa, na hapo ndipo hoja ya wagawaji ilipopata nguvu: kinachosafisha maji, kwa nini kisisafishe damu?

Mwilini mambo ni tofauti. Kemikali hiyo haibagui kijidudu na seli ya mgonjwa. Huharibu himoglobini, damu ikashindwa kubeba oksijeni. Walio hatarini zaidi ni wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea hasa kwenye maeneo ya malaria. Hivyo, 'tiba' ilipelekwa kwa watu ambao miili yao ina uwezo mdogo wa kuistahimili.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, iliyotoa onyo mwaka 2010 na tena 2019, ilitaja kutapika, kuharisha, kushuka kwa shinikizo la damu na ini kushindwa kufanya kazi. Wauzaji hudai kutapika ni ishara ya kupona. Dai hilo humchelewesha mgonjwa, ilhali malaria kali yaweza kuua ndani ya saa 24, na dawa mseto hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali.

Mwaka 2023, mahakama ya Miami iliwafunga watu wanne wa familia moja waliouza mchanganyiko kama huo Marekani. Kwa Uganda, ugumu unabaki palepale: kemikali hiyo ina matumizi halali, na huingia nchini kama bidhaa ya kiwandani. Hugeuka 'dawa' kwa neno la anayeaminiwa, mahali ambapo mkaguzi wa forodha hafiki.